Daraja kwa Daraja: Juu ya Mazoezi Makali Yafanywayo Nyumbani

Tamaa ya binadamu ya kujipatia nguvu bila ya kutoka nyumbani kwake si jambo la leo wala la jana, na anayedhani kuwa ilizaliwa pamoja na kanda za video na simu za mkononi atastaajabu kusikia kuwa mwaka 1904 mtu mmoja wa Denmark, jina lake Jørgen Peter Müller, alikwisha kupiga chapa kitabu alichokiita Mit System, akaahidi humo kwamba dakika 15 za kila siku, chumbani mwa mtu mwenyewe, pamoja na kuoga na kujisugua ngozi, zatosha kuilinda siha yake bila ya kununua chombo chochote. Kitabu hicho kikafasiriwa kwa lugha nyingi za Ulaya, na miongoni mwa waliokishika alikuwamo mwandishi Franz Kafka wa Prague. Kabla ya Müller, Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg aliyekusanya umati wa watu London kwa kuwaonyesha misuli yake jukwaani, alikuwa akiwauzia watu kwa njia ya posta mipira ya kuvuta kwa mikono. Basi biashara hii ni kongwe, na ahadi zake ni zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kumwanzisha mwanafunzi, na hilo ndilo nitakalo kulieleza hapa kwa urefu, kwa sababu naliona ndilo linalowaumiza watu wetu wengi na kuwakatisha tamaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Kanada lilikuwa na shida ya wazi: askari wake wengi walikuwa wamepoa miili, na baadhi yao wakiishi katika vituo vya mbali vya kaskazini, penye theluji na giza la miezi, ambako hapakuwa na ukumbi wa michezo wala uwanja wa kukimbilia. Kazi ya kuwatafutia dawa ikamwangukia Bill Orban, mtaalamu wa elimu ya viungo, ambaye katika masomo yake alikuwa amekwisha kuona kuwa urefu wa zoezi peke yake hauuongezi uwezo wa mtu wa kuvuta hewa, bali ukali wake ndio utendao kazi. Kwa hiyo msomaji asidhani kuwa mimi ni adui wa ukali. Orban mwenyewe aliujenga mpango wake juu ya ukali, akaufupisha hata ukawa wa dakika 11 tu: dakika 2 za kuinama na kugusa vidole vya miguu, dakika 1 ya kulala chali na kuinua kiwiliwili, dakika 1 ya kulala kifudifudi na kuinua kichwa na miguu, dakika 1 ya pushapu, na dakika 6 za kukimbia papo hapo huku mtu akikatiza mbio zake kwa kuruka kila baada ya hatua 75. Mpango ukaitwa 5BX, nao wa wanawake, wenye mazoezi 10 na dakika 12, ukaitwa XBX. Vijitabu vyake vikatoka jeshini vikaingia majumbani mwa raia, vikauzwa kwa mamilioni katika nchi nyingi.

Lakini uzuri wa kijitabu kile haukuwa katika dakika zake. Ulikuwa katika majedwali. Orban aliyapanga mazoezi yake katika majedwali 6, na kila jedwali akaligawa katika madaraja 12, akaandika katika kila daraja idadi ya mara ambazo zoezi lifanywe ndani ya muda ule ule usiobadilika. Kisha akaweka sharti kwamba kila mtu, hata awe rubani hodari, aanzie daraja la chini kabisa la jedwali la kwanza, na asilipande la pili mpaka awe ameliweza la kwanza bila ya taabu ndani ya muda uliotajwa. Tena akaweka idadi ya siku ambazo mtu hana ruhusa ya kuzipunguza, kwa kadiri ya umri: kijana wa miaka 20 na kitu akae siku 2 katika kila daraja, mwenye miaka 30 na kitu siku 4, na mwenye miaka 40 na kitu akae siku 7. Tupige hesabu hiyo polepole. Mtu wa makamo, mathalani mwalimu au karani wa benki mwenye miaka 45, aliyekaa kitini tangu amalize shule, angekaa siku 7 katika kila daraja la madaraja 12, yaani siku 84, ili kumaliza jedwali la kwanza tu. Na katika siku zile za mwanzo asingefanya jambo lolote la kumtoa jasho jingi, kwa kuwa daraja la kwanza lilikuwa jepesi kiasi cha kumfanya aone haya kuliita zoezi.

Ziweke siku hizo 84 kando, kwa maana tutazihitaji.

Mwaka 1982 Jane Fonda, mcheza sinema wa Marekani, alitoa kanda yake ya video ya mazoezi, na mamilioni ya nyumba zikafungua mlango kwa mwalimu asiyeonekana ana kwa ana. Zikaja nyingine nyingi baada yake ambazo hazina haja ya kutajwa. Kisha kampuni ya Beachbody ya California, iliyoanzishwa mwaka 1998, ikatoa mipango miwili iliyokuwa mikali kupita yote iliyotangulia. Wa kwanza ulikuwa P90X, uliofundishwa na Tony Horton: siku 90, siku 6 za kila juma, kila siku kikao cha saa moja au zaidi, mkusanyiko wa mazoezi 12 yanayopokezana ili mwili usizoee, pamoja na vyuma vya mkononi na bomba la kuning'inia mlangoni. Wa pili, uliotoka mwaka 2009, ulikuwa Insanity wa Shaun T: siku 60, hauhitaji chombo chochote ila sakafu na miguu ya mtu, nao uligeuza juu chini kanuni ya zamani ya mazoezi ya kupokezana, kwa kuwa badala ya kufanya kazi kidogo na kupumzika sana, mfuasi alitakiwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote dakika 3 hivi na kupumzika nusu dakika.

Haifai kuzungumza juu ya mipango hii kama kwamba ni ulaghai mtupu, kwa sababu ina fadhila ambazo mimi naziheshimu. Fadhila ya kwanza ni ratiba: mtu aliyechoka na kazi ya mchana kutwa hana akili ya ziada ya kuamua leo afanye nini, naye akikuta mwingine amekwisha kumwamulia, zoezi la leo na la kesho na la Ijumaa, nusu ya uzito umemtoka kabla hajavua viatu. Ya pili ni kuwa kikao kina mwanzo na mwisho unaojulikana. Ya tatu, ambayo kwa upande wetu wa pwani naiona kubwa kuliko zote, ni sitara: mama wa Mombasa au wa Unguja ambaye hapendi kukimbia barabarani mbele ya macho ya watu, wala hana nafasi wala fedha za kwenda jimu, hufunga mlango wa chumba chake, akaviringisha mkeka, akafanya kazi ile ile afanyayo mwanariadha, na hakuna amjuaye ila watoto wake wanaomwiga nyuma yake. Hilo si jambo dogo. Wengi waliopona kisukari kisiwashike, au walioshusha shinikizo lao la damu, walianzia mlango uliofungwa namna hiyo.

Pamoja na fadhila zote hizo, rudisha sasa siku zetu 84. Katika muda ambao Orban alimwona mtu wa miaka 45 kuwa amestahili kumaliza jedwali moja kati ya 6, mpango wa siku 90 humuahidi mtu yule yule mwili mpya kabisa, tena humwanzisha siku ya kwanza kwa kazi ambayo kijana wa jeshi angeiona nzito. Kwa haki lazima niseme kuwa watungaji wa P90X waliweka jaribio la mtu kujipima kabla hajaanza, na Insanity nao una jaribio lake la siku ya kwanza linalorudiwa kila baada ya majuma mawili. Lakini ni nani, baada ya kutoa fedha yake na kujiapiza mbele ya mkewe, atakayeshindwa jaribio na kuuweka mpango kabatini? Jaribio lisilo na daraja la chini la kumpokea aliyeshindwa halimsaidii mtu.

Tazama yanayotokea sebuleni. Meza ya chai imesukumwa ukutani, mtu amesimama pekupeku juu ya marumaru, na video imeanza na kile inachokiita kupasha mwili moto, ambacho ni mzunguko wa kukimbia papo hapo, kuruka huku mikono na miguu ikitanuka, na kuinua magoti, unaorudiwa mara tatu na kila mara kwa kasi zaidi. Katika mzunguko wa kwanza hutua kwa ncha za nyayo, magoti yamekunjika kidogo na yanaelekea kule vidole vielekeako, wala hasikiki. Katika mzunguko wa tatu pumzi zimekwisha, na hapo nyayo huanza kutua zima zima kwa kishindo kinachosikika nyumba ya pili, magoti huangukia ndani kama yanayotaka kugongana, na kiuno hulegea. Yeye hayaoni hayo, kwa kuwa macho yake yako kwenye kioo cha televisheni, kwa vijana 15 au 20 walionyooka ambao hata jasho lao linapendeza. Naye mwalimu aliyeko Marekani hawezi kumwona na kumwambia apunguze. Kano ya goti haikatiki siku hiyo. Huvimba baada ya juma la pili au la tatu, na mwenyewe husema kuwa mazoezi hayamfai.

Kwa nini mwili hauwezi kuharakishwa, na hali nia ipo na chakula kipo? Sababu yake ni kuwa sehemu zake hazikui kwa mwendo mmoja. Katika majuma ya kwanza ya mazoezi ya nguvu mtu huongezeka uwezo upesi hata akajistaajabia, lakini sehemu kubwa ya ongezeko lile haitokani na misuli kuwa minene. Hutokana na ubongo na neva kujifunza kuiita misuli iliyokuwako, mingi kwa pamoja na kwa wakati wake. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, kwa majuma na miezi. Na kano zinazoishikanisha misuli na mifupa, ambazo damu yake ni chache, hufuata kwa mwendo wa polepole zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi, aghalabu kati ya juma la tatu na la nane, ambapo mtu anajisikia ana nguvu za kuruka ukuta ilhali kano zake bado ni za mtu wa kitini. Na hicho ndicho kipindi ambacho mipango mikali huongeza kasi.

Yako pia madhara yasiyosubiri majuma. Maumivu yajayo siku ya pili na ya tatu baada ya zoezi jipya si ugonjwa, wala si dalili ya kuwa zoezi limefaa zaidi. Hutokana na michubuko midogo katika nyuzi za misuli, hasa misuli inapofanya kazi huku ikirefuka, kama vile mtu anapochuchumaa polepole au anaposhuka ngazi. Lakini kazi ikipita kiasi kwa mtu asiyeizoea, nyuzi zenyewe huweza kuyeyuka na kumwaga ndani ya damu dutu iitwayo mayoglobini, ambayo huziziba na kuzidhuru figo. Tabibu Eric Bywaters na mwenzake walieleza madhara hayo ya figo mwaka 1941 kwa watu waliofukuliwa chini ya vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu London, na tangu hapo matabibu wamejua kuwa misuli iliyopondwa kwa zoezi huweza kuleta balaa la namna hiyo hiyo. Mwezi wa Januari 2011, katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, wachezaji 13 wa mpira wa Kimarekani, vijana wenye miili ya chuma, walilazwa hospitalini kwa maradhi hayo baada ya kurejea kutoka likizoni na kufanyishwa mazoezi mazito, ambayo ndani yake mlikuwamo kuchuchumaa na kuinuka mara 100 wakiwa na uzito mabegani. Ikiwa hao waliangushwa na majuma machache ya likizo, seuze mtu aliyepumzika miaka 20? Alama ya hatari ni mkojo wenye rangi ya chai iliyokolea, pamoja na misuli iliyovimba na kukosa nguvu. Anayeiona asinywe dawa ya maumivu akalala, bali aende hospitali saa hiyo hiyo.

Na kwa watu wa nchi zetu liko jambo la ziada ambalo video za Marekani hazilitaji. Wengi wa pwani na wa kandokando ya maziwa huchukua jeni moja ya sikoseli bila ya kuugua na bila ya kujua. Utafiti uliofanywa kwa askari wa Marekani na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wenye kuichukua wana hatari kubwa zaidi ya kuyeyukwa na misuli wakati wa kazi ngumu. Watu hao hawakatazwi mazoezi, la hasha, ila wao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kupanda daraja kwa daraja, kunywa maji ya kutosha, na kujiepusha na kikao kikali katika joto la mchana, ambapo hewa ya Dar es Salaam au ya Lamu imejaa unyevu hata jasho latiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Maadamu nimelitaja jasho, na niseme juu ya uzito, kwa kuwa wengi wanaoingia katika mipango hii hawatafuti nguvu bali wanataka kitambi kiondoke. Jasho si shahamu. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ya kikemia wakaonyesha kuwa katika kila kilo 10 za shahamu zinazoteketea mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni, na kilo 1.6 tu hugeuka maji. Basi anayejifunga mfuko wa nailoni tumboni ili atokwe na jasho zaidi anapoteza maji atakayoyanywa tena kabla ya magharibi. Hali kadhalika kilo mbili au tatu zinazopungua katika juma la kwanza, ambazo matangazo huzipigia ngoma, sehemu yake kubwa ni maji: mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji, kwa hiyo akiba ikitumika maji nayo huondoka, na akiba ikirudi nayo hurudi.

Hesabu ya shahamu yenyewe ni ngumu zaidi na haina huruma. Mtu wa kilo 70 akifanya mazoezi makali ya viungo kwa nusu saa kamili hutumia takriban kalori 280, na kilo moja ya shahamu ya mwili imebeba kalori 7,700 hivi. Kwa hiyo zoezi peke yake, bila ya kugusa chungu, lingehitaji vikao 27 au 28 vya namna hiyo kuiondoa kilo moja. Chupa mbili za soda za mililita 300 zinakaribia kuifuta nusu saa nzima ya kuruka na kuhema, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, ambacho mpishi hukimimina bila ya kukihesabu, kina kalori 120 hivi. Nimewaona watu wakitoka katika zoezi la saa nzima wakajihalalishia chapati tatu na chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kisha wakailaumu mizani. Uzito hupunguzwa jikoni. Ndilo neno nitakalolisimamia hata nikiwa peke yangu.

Je, zoezi basi lina kazi gani kwa anayetaka kupungua? Lina kazi kubwa, ila siyo ile inayotangazwa. Mtu anayekula kidogo bila ya kufanya kazi ya nguvu hupoteza shahamu na misuli pamoja, akabaki mwembamba na dhaifu, ngozi imemlegea na ngazi za ghorofa ya pili zinamshinda. Lakini anayekula kidogo huku akiilazimisha misuli yake kufanya kazi nzito huuambia mwili wake kuwa misuli ile bado inahitajiwa, na mwili ukaiacha ukala shahamu. Kwa ajili hiyo anahitaji protini, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, nazo hazitoki lazima katika makopo ya unga wa bei ghali yanayouzwa pamoja na mipango hiyo: maharage, choroko, kunde, mayai, samaki na maziwa ya mgando vyatosha, na gramu 50 tu za dagaa wakavu hukaribia kutoa gramu 30.

Wengine watauliza juu ya dakika 4 za Mjapani. Izumi Tabata na wenzake walitangaza mwaka 1996 kuwa vijana walioendesha baiskeli ya kupimia kwa sekunde 20 na kupumzika sekunde 10, mara 7 au 8, kwa majuma 6, waliongezeka uwezo wa pumzi na pia uwezo wa kazi ya ghafla. Ni kweli tupu. Walakini vijana wale walikuwa wanafunzi wa elimu ya michezo, wenye miili iliyokwisha kuzoea, na ukali wa baiskeli ulikuwa wa kumwacha mtu hoi. Zoezi lolote jepesi lililokatwakatwa kwa sekunde 20 halipati sifa hiyo kwa kuazima jina.

Sasa mtu afanye nini nyumbani kwake? Nitasema nionavyo mimi. Azigawe kazi zake katika kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kukaza kiwiliwili, siku 3 za juma zisizofuatana, na siku nyingine atembee kwa haraka, ili zikifika dakika 150 kwa juma awe ametimiza kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliwawekea watu wazima mwaka 2020. Pushapu ndiyo itakayomfundisha maana ya madaraja. Asiyeweza hata moja asijitupe sakafuni. Asimame mbele ya ukuta, mikono imenyooka usawa wa kifua, aukaribie ukuta mpaka pua iuguse na arudi, mwili mzima umenyooka tangu kisigino hadi kisogo. Akiweza mara 12, kwa vipindi 3, bila ya kiuno kubonyea, ahamie kwenye ukingo wa meza nzito isiyotelezeka. Kutoka mezani ahamie kwenye ngazi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, na mwisho sakafuni. Yawezekana safari hiyo ikamchukua miezi minne. Atakayefika hapo atafanya pushapu halisi, kifua kikigusa mkeka, wakati jirani yake aliyeanza na sakafu siku ya kwanza bado anatikisa kichwa na kuhesabu.

Kuvuta ndiko kunakosahauliwa katika mazoezi ya nyumbani, kwa kuwa sakafu husukumwa lakini haivutwi, na si kila mlango unaostahimili bomba la kuning'inia. Hapa dumu la maji la lita 20, ambalo halikosekani katika nyumba zetu nyingi, linashinda vyuma vya dukani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu akitia lita 5 amepata kilo 5 na uzito mdogo wa dumu, akaegemeza mkono mmoja juu ya kiti, akanyoosha mgongo, akalivuta dumu kwa mkono wa pili mpaka kiwiko kipite mbavu, mara 10, kisha akabadili. Juma lifuatalo, ikiwa mara ya kumi haikumkokota, aongeze lita moja. Thomas DeLorme, tabibu wa jeshi la Marekani huko Chicago, alifanya jambo la asili hiyo hiyo katika miaka ya 1940 kwa askari waliojeruhiwa magoti, akiwanyanyulisha uzito uliokuwa ukiongezwa juma baada ya juma, na tangu makala yake ya mwaka 1945 elimu ya kujenga nguvu imesimama juu ya msingi huo. Dumu lile lile, likikumbatiwa kifuani, ndilo litakalouongeza uzito wa kuchuchumaa. Na anayeona magoti yanalia achuchumae mpaka kwenye kiti na kuinuka, halafu baadaye akitafute kigoda kilicho kifupi zaidi.

Kuruka kuje mwisho kabisa, baada ya miezi mitatu, na kidogo. Wenye maradhi ya moyo, wenye shinikizo la damu lisilotulizwa, wanaotumia insulini, na mama wajawazito waonane na tabibu kabla ya kuanza. Katika mwezi wa Ramadhani hapana haja ya kuacha wala ya kujikaza: kikao kifupi kisichozidi nusu saa, karibu na magharibi ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe kwa mwenye nafasi, chatosha kuhifadhi kilichopatikana, na kupanda daraja jipya kungoje Shawwal.

Kuhifadhi huko si kazi ngumu kama watu wanavyohofu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Birmingham walitangaza habari za watu waliofanya mazoezi ya nguvu siku 3 za juma kwa majuma 16, kisha baadhi yao wakapunguziwa kazi kwa majuma 32 hata ikabaki sehemu moja katika tisa ya ile ya mwanzo, yaani siku moja ya juma na kipindi kimoja badala ya vitatu, lakini kwa uzito usiopunguzwa. Vijana wakabaki na unene wa misuli yao, na wazee wa miaka 60 na zaidi, ingawa unene uliwapungua, nguvu zao ziliwakalia kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo aliyelifikisha dumu lake lita 20 na pushapu yake sakafuni, akapata msiba, safari, au miezi ya kazi nyingi, asijihesabu kuwa ameanguka; atenge siku moja ya juma, au mbili akiwa ametimiza miaka 60, alijaze dumu mpaka alama ile ile aliyoiachia, afanye kipindi kimoja cha kila zoezi, na nafasi ikirudi aendelee kutoka daraja lile alilokuwapo.